Vigingi Vinne vya Shangazi

3 Juni

Shangazi mpendwa,

Tangu dunia iumbwe hajatokea mhesabu wadudu kama mimi. Nyuki wakiniona tu wanapanga foleni. Shikamoo. Mguu unasemaje ndani ya plasta? Mimi mzima, ila nywele zimejaa chavua.

Nimefika bondeni nyuma ya karakana kama ulivyoniagiza. Maua ya njano yananifika kiunoni, na kuna mbawakawa mmoja wa kijani anang'aa kama baiskeli ya dukani. Nimekaa saa nzima mbele ya mraba wako wa vigingi vinne na uzi. Nyuki sitini na tatu! Nani alisema aliyeishia darasa la saba hajui kuhesabu?

Mwanao,
Bingwa

10 Juni

Bingwa wangu,

Marahaba. Mguu unawasha, lakini barua yako imenitibu kuliko daktari. Sitini na tatu! Mwaka jana walikuwa tisa, nikaogopa bonde linakufa. Nimemsomea muuguzi, nimemsomea na mgonjwa wa kitanda cha pili, naye hasikii vizuri, ikabidi nipige kelele wodi nzima ikajua.

Endelea kila Jumapili. Ila chonde chonde, vigingi visiguswe. Miaka kumi na miwili nahesabu pale pale. Vikisogea hata hatua moja, kazi yote imepotea. Na uvae kofia, jua lisije likakaanga hizo akili chache.

Shangazi yako

17 Juni

Shangazi,

Shikamoo tena. Umeamkaje? Leo vipepeo weupe watatu wametua begani kwangu, nikakaa kama sanamu mpaka mguu ukafa ganzi. Kereng'ende mwekundu kanikodolea macho, nami nikamkodolea, akashindwa yeye. Bonde zima linavuma. Ukitoka hospitali nitakubeba mgongoni uje uone. Uzito wako si kitu kwa mabega haya.

Sasa kaa vizuri. Hii usimsomee muuguzi.

Siku ile ya kwanza, kwenye mraba wako nilihesabu nyuki kumi na mmoja. Nikaona aibu kukuandikia kidogo hivyo, na wewe umelala hapo. Nikang'oa vigingi, nikavipeleka mteremkoni kwenye maua mengi. Barua yako ilipofika nilikimbia kuvirudisha. Nimetambaa tangu asubuhi. Nyasi zimeziba mashimo, Shangazi, na mahali pako sipaoni.

Mwanao