Mke Wangu Yuko Chini ya Aproni Tangu Asubuhi

Mpendwa mshauri, naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaamua mimi ni mtu wa namna gani, maana hata mimi sijui tena, na ninaandika nikiwa ndani ya gari la kazi nyuma ya duka la vipuri ambako hakuna anayenijua. Naitwa Wendell, nina miaka thelathini na tisa, ni fundi wa matanuri ya kupasha nyumba joto huku kusini mwa Missouri, na huu ni mwaka wangu wa tatu nikiwa mzee wa kanisa. Mke wangu Marlys anawasomesha watoto wetu nyumbani, Tirza mwenye miaka kumi na mmoja, Silas wa minane na Kezia wa minne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga shule ya serikali, jambo tuliloliwekea nadhiri mbele za Mungu kabla Tirza hajazaliwa.

Miaka sita iliyopita Marlys alirudi kutoka kwenye mkutano wa akina mama wanaosomesha nyumbani akiwa na desturi moja iliyompendeza sana, kwamba mama asiye na chumba cha kuombea hujifunika aproni kichwani palepale alipo, na watoto wakiiona aproni wanajua mama yuko na Bwana, hakuna kumgusa wala kumsemesha mpaka aifunue mwenyewe. Ilikuwa dakika kumi, au kumi na tano siku za hesabu, na hata mimi nikiingia nilikuwa navua viatu na kunyata. Nimelisimulia jambo hilo kanisani mara nyingi nikiwa nimetunisha kifua, na ndiyo sababu mchungaji amemwomba Marlys awafundishe akina mama wapya, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nne, namna ya kuwatia watoto ari ya kusoma bila fimbo wala kelele, kwa kuwa watoto wetu wanajituma wenyewe na kila mtu anaona.

Sasa Jumanne moja nilisahau geji yangu ya kupimia gesi bandani, nikairudia saa nne asubuhi, na kupitia dirisha la jikoni nikamwona Marlys kwenye kiti chake cha kubembea na ile aproni ya mistari ya buluu kichwani, Tirza amesimama mezani anamfundisha Silas hesabu za sehemu, Kezia anapaka rangi picha ya safina, kimya kabisa, nikasema asante Bwana kwa nyumba hii, sikuingia, nikaondoka naimba. Saa nane nilipita tena kwa sababu mteja alikuwa jirani yetu, na mshauri, alikuwa amekaa vilevile, mkono uleule juu ya goti lilelile, na mezani hakuna chakula ila mkate na siagi ya karanga, na anayepaka ni Tirza.

Jioni tukala maharage ya kopo, nikauliza kama kawaida yangu, "Haya, leo mmesoma nini?" Marlys alifungua mdomo, lakini Tirza akamtangulia.

"Mto Naili, baba. Mama katueleza vizuri sana."

"Mama kaomba mpaka mkate ukaisha," akasema Kezia.

Nikasikia teke chini ya meza, Kezia akaanza kulia, na Marlys akawa anatazama sahani yake tu.

Tangu siku hiyo narudi kila siku ya kazi, na leo ni siku ya tisa, saa nne, saa sita, saa nane, naegesha gari nyuma ya tangi la gesi na kuchungulia, na kila mara ni aproni, aproni, aproni, anajifunika gari langu likitoka na kujifunua saa kumi na moja linapokaribia, na watoto wanaendesha shule wenyewe kama duka ambalo mwenyewe kasafiri. Jumapili nilibaki nyumbani na mafua, Marlys na watoto wakaenda ibadani, nikafungua daftari la maandalio ya masomo, na mwandiko wa Marlys unaishia tarehe kumi na tisa Novemba, baada ya hapo ni mwandiko unaojitahidi kufanana na wake lakini herufi zimelala upande mwingine, ni wa Tirza, miezi mitatu na zaidi. Chini ya insha yake mwenyewe kajiandikia, "Kazi nzuri sana, Tirza, mama anajivunia wewe," akajibandikia na nyota. Na kwenye daftari la saa za masomo, ambalo sheria ya jimbo inatutaka tulitunze, kila siku kaandika saa nne za "Biblia, na Mama." Niliyarudisha madaftari mahali pake, mshauri, kabla hawajarudi.

Isitoshe huyo Tirza kawa mjanja. Mara mbili tatu kwa asubuhi anakwenda kwa mama yake, ananyanyua ukingo wa aproni kidogo tu, anapeleka mgongo wa mkono karibu na pua yake, anakaa hivyo, kisha anarudi kwenye sehemu za Silas. Nadhani anahakikisha kama kalala ili wapate kwenda kucheza, ingawa kusema kweli sijawaona wakicheza.

Sijamwambia Marlys kwamba najua, nilitaka kuona atanidanganya mpaka lini, na kinachoniuma kuliko yote ni kwamba kajificha nyuma ya sala, kulitumia jina la Bwana kukwepa kazi, mwanamke niliyemsifu mbele ya kanisa zima, na nadhiri yetu ndiyo hiyo imevunjika, na mwezi wa nne unakuja. Je, nimpeleke mbele ya wazee wenzangu? Au niwapeleke watoto shule ya serikali nimwaibishe, au ninyamaze ipite Jumamosi ile kwanza? Nishauri, maana sili wala silali.

Wendell, kusini mwa Missouri


Ndugu Wendell,

Nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba, kisha nikatoka nje kutembea kidogo. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikijibu barua katika gazeti hili la makanisa yetu, na wanangu wanne niliwasomesha mwenyewe kwenye meza ya jikoni, kwa hiyo hesabu, makombo na machozi ya saa nne asubuhi nayajua. Nimeletewa mambo mazito humu. Barua yako imenishtua kuliko nyingi, na si kwa sababu unayoifikiria.

Nitaanza na Tirza, kwa kuwa umemwita mjanja na damu yangu ikachemka. Binti yako haangalii kama mama yake kalala. Anaangalia kama anapumua. Soma tena ulichoandika kwa mkono wako mwenyewe: mgongo wa mkono, karibu na pua, mara mbili tatu kwa asubuhi, kisha anarudi kufundisha. Mtoto wa miaka kumi na mmoja amebeba hofu hiyo tangu Novemba bila kumwambia mtu, huku akijisahihishia madaftari na kujiandikia sifa ambazo hakuna mtu mzima aliyekumbuka kumpa. Nawe ulikuwa nyuma ya kioo ukimwona.

Marlys hakwepi kazi. Mtu anayekwepa kazi hutafuta raha, anazungumza kwenye simu, anakwenda madukani, anakula kitu kitamu. Mkeo anakaa kwenye kiti kutwa nzima bila kugeuza mkono. Sijui kimempata nini. Inaweza kuwa ugonjwa wa mwili, inaweza kuwa sonona, inaweza kuwa huzuni ambayo hukuulizia habari zake, na wewe unayelala naye kitanda kimoja hujui vilevile. Katika barua yote hiyo ndefu sikuona mahali ulipoandika amekonda au amenenepa, analia au halii, alikuambia nini mara ya mwisho mlipokuwa wawili. Rangi ya aproni umeiona.

Nakuonea huruma pia, usidhani sina moyo. Uliipenda nyumba yako ukaisifu, na mtu akigundua kwamba alichokisifu hakipo anaumia kwelikweli. Hata mimi niliwahi kusimama mbele ya akina mama mia mbili nikieleza jinsi nyumba yangu ilivyo na utaratibu, na nguo chafu za wiki tatu zilikuwa kwenye beseni la kuogea. Sisi tunaosomesha nyumbani tunaogopa sana watu wasije wakasema tumeshindwa, basi tunashindwa kimyakimya. Lakini maumivu yako yatasubiri. Ya mkeo hayasubiri.

Fanya hivi. Ukimaliza kusoma, mpigie simu daktari wa familia, umweleze yote bila kuyapunguza, uombe miadi ya leo au kesho, na uende naye wewe, usimtume na dada wa kanisani. Kabla ya miadi hiyo muulize Marlys kwa upole, waziwazi, kama amewahi kufikiria kwamba ingekuwa heri asingekuwepo. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, usiliogope. Akisema ndiyo, au akinyamaza namna ya kukutisha, nendeni hospitali saa hiyohiyo. Na bunduki za kuwindia, maana huko kwenu nyumba nyingi zinazo, zitoke nyumbani leo, ziende kwa ndugu yako au kwa jirani, bila maelezo.

Omba likizo ya wiki mbili kazini. Baridi inaisha, matanuri ya watu yatajiwasha. Utawafundisha watoto wewe, utaona sehemu za Silas zilivyo, na utapika kitu kisichotoka kwenye kopo. Mkalishe Tirza umwambie kwamba alichofanya ni kikubwa na kwamba hakikuwa kazi yake, na tangu leo hana darasa la kuangalia zaidi ya vitabu vyake. Usimkemee kwa yale madaftari. Atakataa kukuamini kwa siku kadhaa, ataendelea kupaka mikate, atakuwa anakwenda kuchungulia kiti. Mvumilie. Zile saa za "Biblia, na Mama" zifuteni pamoja, mwandike za kweli.

Mchungaji mwambie Marlys ni mgonjwa, hatafundisha. Neno moja linatosha, na kama akina mama hao wanataka kujua juu ya ari ya watoto, watamsubiri mtu mwingine. Kuhusu shule ya serikali, lile ni jambo la kuzungumza na mkeo akishapona, kama watu wawili waliooana, na mkiona watoto wanahitaji kwenda, waende. Mungu hakuwapa watoto ili muilinde nadhiri. Ila usilifanye jambo hilo kuwa bakora ya kumwaibishia.

Umeniuliza pia kama umpeleke mbele ya wazee wa kanisa. Ndugu Wendell, mzee wa kanisa ameshamwona. Amesimama dirishani kwake siku tisa, akamtazama, akarudi kwenye gari. Leo aingie ndani.

Dada Ardith