Lumbesa Iliyopasuka Mlangoni

Mwanangu Mwajuma,

Tangu simu yako ya Ijumaa sina raha. Duka nafungua, nauza, lakini jana mteja aliomba chumvi nikampimia sukari. Naogopa, mwanangu, na aliyenitia hofu ni wewe uliyekuwa unacheka.

Unaikumbuka stoo yetu ya maharage? Ulipenda kukaa kando ya mlango ukiwatazama makuli wakiingiza magunia kutoka Nyakitonto. Lumbesa, yale yaliyojazwa hadi mdomoni kisha yakashonewa kichwa cha kamba juu, ndiyo yaliyokwaruza fremu ya mlango. Ulikuwa ukiniambia, "Baba, hili nene, limegonga," kabla sijaligusa. Nilidhani ni mchezo wa mtoto.

Kumbe ndiyo kazi uliyokwenda kuifanya Ulaya. Ulinieleza kwa subira habari za viini vya atomu vilivyojaa nyutroni kupita kiasi, visivyodumu hata kupepesa jicho. Mnavirusha vipite kwenye kibao chembamba cha kaboni, mnaangalia vingapi vimegonga na vingapi vimepita salama. Kikubwa hugonga zaidi. "Ni lumbesa, baba. Zile nyutroni za juu zimeshikiliwa kidogo sana." Nilipoelewa, nikaenda kutamba kwa wenzangu msikitini.

Halafu Ijumaa ukasema uliingia chumba cha mtambo unaorusha viini hivyo kurekebisha kifaa. Kile kibeji cha kifuani kinachopima mionzi kimechukuliwa kusomwa, nawe umeambiwa usirudi kazini mpaka majibu yatoke. Nikauliza kama ni hatari. Ukacheka. "Utaratibu tu, baba."

Nakijua kicheko hicho. Siku ile Petro, kuli wetu wa kijiji cha Kitanga, aliisukuma lumbesa kwa bega ipite kwa nguvu. Mshono ukakatika, maharage yakakufunika mpaka kiunoni, gunia likakulalia miguu. Petro akapiga magoti akifukua kwa mikono. "Mwana wanje, mwanangu, umeumia?" Ukacheka vivyo hivyo, sote tukacheka, nikarudi kwenye mizani. Jioni mama yako alipokuogesha ndipo akaona kifundo cha mguu kimevimba. Ukamwambia uliogopa baba atamfukuza Petro.

Sasa unamlinda nani, kama si mimi na presha yangu? Mama yako hayupo tena wa kukuogesha aone. Nami niko Kasulu, sina mlango wa kukupitisha nijue unagonga wapi. Nikisikia simu inalia naogopa kuipokea, na isipolia naogopa zaidi.

Majibu yakitoka nipigie, yawe mazuri au mabaya, na usianze kwa kucheka. Hofu nimeshaibeba tayari. Nionyeshe tu ukubwa wake.

Petro sikumfukuza, unajua. Amezeeka, bado anabeba, kila asubuhi ananiuliza habari zako, nami namjibu kwamba u mzima. Jana nilimjibu huku nikicheka, akaweka gunia chini, akanitazama.

Ni mimi baba yako, nakaa na simu mkononi.