Mashine ya Sabra kwenye beseni la simu

Jeno uko wapi. Soma haya upesi.

Unaijua ile mashine ya insulini aliyofungwa Sabra juzi, kwa ajili ya kisukari chake na hiyo mimba. Inaning'inia kiunoni kama kisimu, mrija umeingia tumboni. Mumewe Kassimu akamkataza asimwambie mama mkwe. Eti ukoo utasema ameoa mgonjwa.

Sasa leo hitma kwa mama mkwe, huku Irente. Simu zote za wanawake zinawekwa kwenye beseni mlangoni, unamjua alivyo.

Katikati ya dua mashine ikalia chini ya khanga. Sabra mwenyewe bado hajazizoea sauti zake. Mama mkwe akageuka taratibu: "Sabra, simu kwenye beseni."

Simu, Jeno. Kaiita simu.

Nilikaa nyuma ya Sabra, niliona mabega yalivyoganda. Mkeka umejaa, hana pa kupita, macho yote kwake. Akaingiza mkono chini ya khanga, akachomoa mrija, akaitoa. Ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwenye beseni.

Na shehe huko nje ndiyo kwanza anaanza kuwataja marehemu wa ukoo mzima. Sabra sukari inampanda, kinywa kinamkauka. Beseni nalo linalia, maana mashine ile ikiona dawa haiendi mwilini hainyamazi.

Mama mkwe akamwinamia: "Huyo anayekupigia ana shida kweli."

Sabra akashika tumbo.

"Ana shida, mama," akasema. "Ni mjukuu wako."