Jumatatu Ulizonificha

Mzee Njoroge,

Sijui kama huko uliko barua zinasomwa, lakini nimeshindwa kukaa na hili jambo peke yangu. Nimekukasirikia. Nimeliombea kanisani na limekataa kutoka, kwa hivyo naliandika.

Siku ya kukuzika nilisimama mbele ya watu wote, nikashika maikrofoni. Nikasema mimi Nafula nilikuwa nakata waridi kwenye kampuni ya maua hapa Thika, mistari kwa mistari chini ya plastiki, mpaka wewe ukanitoa huko ukanifundisha kazi ya bustani. Nikasema kwa miaka sita hukunificha kitu. Watu walipiga makofi. Mkeo alilia. Mzee, ulinifanya niseme uongo mbele ya jeneza lako.

Wacha nikueleze. Bustani ya Mwalimu Grace kule Kimbo, ile niliyoipenda kuliko zote za wateja wetu, ilianza kuharibika kabla hata miezi mitatu haijaisha tangu tukuzike. Unajua ilivyokuwa: dalia zinasukumana na sukuma wiki, lavenda imemwagikia njia, kosmosi zimechomoza katikati ya mawe, hakuna mstari hata mmoja. Majirani zake wote wameweka kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini, kutoka getini hadi mlangoni, na bado watu walikuwa wanasimama kwa Mwalimu kupiga picha. Wakikuuliza umefanyaje, ulikuwa unacheka unasema, "Mimi sijapanda kitu. Imejiotea tu." Ukishajua natazama, unafumba macho na kurusha mbegu nyuma ya bega. Uliniambia mmea unajua unapotaka kukaa, kazi yetu ni kuuacha.

Basi niliuacha. Thangari ikaingia kila mahali, zile nyasi ambazo ukikata huku zinatokea kule. Magugu ya kishona nguo yakazipita dalia kwa urefu. Kosmosi hazikurudi. Mwalimu alivumilia, na mwisho akaniita jikoni, akanimiminia chai, akaniambia kwa upole kwamba amemwita fundi wa kabro aje apime. Nikamwambia bustani inakuomboleza. Ndiyo, nilisema hivyo, mtu mzima kama mimi. Akauliza kwa nini siku hizi hakuna anayekuja Jumatatu.

Jumatatu, Mzee. Siku uliyonipa nipumzike. Ulisema hata maua yanataka siku moja ya kukaa bila watu, na mimi nikawa nafua nguo zangu huko Kiganjo bila wasiwasi wowote. Mwalimu akaniambia kila Jumatatu ulikuwa unafika saa kumi na mbili asubuhi na kuinama mpaka saa sita, unang'oa, unapunguza, unahamisha.

"Alikuwa anapanda moja moja, na kijiko," akasema. "Kwani hakukuonyesha?"

Akanipeleka nyuma ya tangi la maji. Miche yako ilikuwa pale, kwenye pakiti za maziwa ulizokata juu, imepangwa vizuri kabisa. Yote ilikuwa imekauka kwa sababu hakuna aliyejua kuimwagilia. Nilitafuta hata karatasi moja uliyoniandikia, sikupata.

Na Jumanne tukifika pamoja ulikuwa unashika kiuno, unashangaa. "Nafula, kuja uone. Hii nayo imetoka wapi?" Nilikuwa nafurahi kama mtoto, nakimbia kuangalia. Hiyo furaha ndiyo inayoniuma zaidi. Ulikuwa unaniangalia nikifurahi na unajua.

Nafikiri sababu naijua. Ni yule uliyemfundisha kabla yangu, aliyeondoka na wateja wako wawili wa Juja. Ulikuwa unasimulia hiyo habari ukicheka, nikadhani imekwisha moyoni. Kumbe ulishaamua mimi pia nitakuibia. Niliacha kazi ya mkataba kwa neno lako, ukaniita binti yako, halafu ukanihukumu kwa kosa la mtu ambaye sijawahi hata kumwona.

Hata hilo ningelimeza. Lakini ulilala hospitalini wiki tatu, na kila jioni nilikuletea uji. Nilikuuliza nifanye nini na bustani ya Kimbo. Ulinishika mkono ukasema, "Usiiguse. Iache tu." Ulikuwa unajua hutoki. Hata hapo, Mzee? Hata hapo?

Sitakunyima haki yako, kuna vitu ulinipa. Kabla ya kushika jembe ulikuwa unanituma getini, nigeuke, niitazame bustani yote kama mgeni, na siku hizi siwezi kuingia kwa mtu bila kufanya hivyo. Na zile nduma tulizokula kando ya ua wa kayaba, kipande kikubwa siku zote ulinipa mimi. Nikikumbuka natabasamu, halafu nakasirika upya, maana mtu akikupa kipande kikubwa unamwamini.

Nilimwambia Mwalimu ukweli, kwamba kazi niliyojiita fundi wake siijui. Niliona aibu. Nikamwomba msimu mmoja wa mvua. Akamwambia fundi wa kabro arudi kwake, ingawa tayari alikuwa ameshafunga kamba zake za kupimia. Tangu siku hiyo Jumatatu zote niko Kimbo. Nimeng'oa salvia nikidhani ni magugu. Nimepanda dalia kivulini, zikaoza. Mambo ambayo ungenionyesha asubuhi moja yamenilia mvua nzima. Sasa najua kwamba bustani inayoonekana kama haijaguswa huguswa kila wiki, na mtu mwenye subira, kwa magoti na vidole.

Wiki jana Mwalimu alitoka nje, akasema bustani imerudi kuwa kama ya Mzee. Kabro ameiacha kabisa. Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa hasira na kwa sababu nilitaka wewe uione, ujue hii ni mikono yangu. Wapita njia wakiniuliza nawajibu kwamba nimepanda mimi, na anayetaka kujua jinsi ya kupanda namfungulia geti, namwonyesha yote. Nitafanya hivyo maisha yangu yote. Akiondoka na wateja wangu, shauri yake.

Lala salama, Mzee. Watoto wako wamenipigia simu mara mbili, wananiomba nije nipande kitu kwenye kaburi lako, bado ni udongo mtupu. Nimewaambia wangoje. Nitakuja, hilo nakuahidi, na nitakupandia vizuri kuliko ulivyonifundisha. Lakini kazi hiyo hufanywa kwa kupiga magoti, na kupiga magoti mbele yako, kwa sasa, siwezi.

Nafula