Mlango wa Mwalimu Haujui Kufuli

Mwalimu,

Sikujulii hali. Hali yako naijua, maana ni mimi na binti yako Wanja tuliokuchagulia ile tai ya kahawia, na ni mimi niliyemwambia bwana wa nyumba ya mazishi akuinamishe kidevu kidogo kwa sababu hukuwa mtu wa kutazama dari. Ninayokuletea ni hali yangu. Nina hasira nawe. Nimejaribu kuipeleka hasira hii kanisani, nimeipeleka kazini, imekataa kutoka. Leo naileta kwa mwenyewe.

Najua ungeniuliza kama ulivyozoea, "Dada Roda, hoja ni nini?" Hoja ni kile kidude cheupe kwenye rafu yako ya vitabu. Lakini sifiki hapo upesi. Utanisikiliza, safari hii huna la kunikatiza.

Siku ya kukuaga ukumbi wa kanisa ulijaa. Mama Beya, Mkongomani wetu, alipika sombe, kisamvu cha kwao, mpaka watu wakakombeleza sufuria. Ndugu Jabari, Mmarekani aliyejifunza Kiswahili chuoni na sasa anatushinda sisi tuliozaliwa nacho, alisimama akasema, "Ndugu waombolezaji, leo tumepungukiwa," kisha akaikunja hotuba yake kabla ya kuimaliza, akakaa. Ikabidi niende mimi. Mimi ambaye kazi yangu ni kuogesha na kulisha wazee wa watu majumbani mwao, nikasimama mbele ya wahasibu na wachungaji nikatoa neno juu yako. Nikawaambia jinsi kila Jumamosi ulivyotufungulia sebule yako pale Bowie, huku Marekani, tukanywa chai yako ya tangawizi na kubishana juu ya wanafalsafa wa Ulaya ya zamani, ati binadamu ni kiumbe wa namna gani. Nikasema wewe hukufundisha kwa mdomo tu, uliishi somo lako. Nikasema, "Mlango wa Mwalimu haujui kufuli." Ukumbi mzima ukaitika amina. Aliyekuwa kimya ni Wanja. Aliinamisha kichwa, nami nikadhani ni kilio.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi nilikuja kwako kuchukua sufuria ya Mama Beya, nikawakuta mnabishana. Ulikuwa unamsifu yule wako wa Geneva, mpenda matembezi, aliyesema mtu huzaliwa mwema na ubaya anaukuta njiani, kwenye mali, majivuno na kujipima na jirani. Nikasema nikiwa bado mlangoni, na sufuria mkononi, "Huyo hajawahi kulea." Mlicheka wote. Ukanipa kiti, ukanipa na mteja wa kumtetea: yule Mwingereza mwoga aliyesema watu wasipokuwa na wa kuwatawala watararuana, kila mmoja na mwenzake. Tangu siku hiyo ukaniita Wakili wa Mwoga. Mama Beya alichukua wale washairi waliokuja baadaye, wa milima na mahaba, waliosema moyo hujua kabla ya akili. Jabari hakuwa na upande. Kazi yake ilikuwa kusema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba nafasi," na wewe humpi.

Mwingereza wangu nilimpenda kwa sababu ya swali lake moja. Anamuuliza mtu: unapolala hufungi mlango? Na ndani ya nyumba yako mwenyewe hufungi kabati? Basi unawaonaje jirani zako, na unawaonaje wanao? Mimi naingia nyumba za watu kwa kazi, Mwalimu, najua makabati. Nimemwona bibi kizee asiyeweza kuinua kijiko akiwa amelalia funguo zake ili nisizione. Nilipokutupia swali hilo ulicheka, ukanyoosha mkono kwenye mlango wako wa mbele, ambao kila mtu aliusukuma tu na kuingia. "Jibu langu ni hilo pale," ukasema.

Nikakukamata kwa upande mwingine. Nikakukumbusha kwamba huyo mtetezi wako wa utoto, aliyeandika jinsi ya kumlea mtoto bila kumharibu, wanawe mwenyewe aliwapeleka kwenye nyumba ya kulelea waliotupwa. Mama Beya akapiga kofi mezani, akasema, "Ile yote ni bongo, Mwalimu!" na bongo kwao ni uongo. Wewe ulijimiminia chai. Nilidhani nimekumaliza. Kisha ukasema, taratibu, "Tusihukumu somo kwa nyumba ya mwalimu." Niliona ni jibu la kukwepa, ila lilinikaa.

Halafu kile kikapu. Kikapu cha mkonge pale mlangoni, ambamo kila anayeingia aliweka simu yake. Ulituambia jamii yoyote huanzia mahali ambapo watu wameacha silaha mlangoni, na siku hizi silaha ni simu, inarekodi na kupeleka maneno kwa watu ambao hayakuwahusu. Mimi nikakuchokoza kwamba hilo ni la Mwingereza wangu, kwamba watu huweka silaha chini kwa sharti kila mmoja aweke. Ukakubali. Nadhani ndiyo mara ya pekee uliyonikubalia kitu. Tukaweka simu, wote, na Mama Beya zake zote mbili.

Sasa ile Jumamosi. Ulikuwa unatueleza habari ya mtu wa kwanza kuzungushia uwanja ua na kusema huu ni wangu, na jinsi wenzake walivyokuwa wajinga kumwamini. Jabari akauliza kama mipaka ya nchi nayo ni ua huohuo. Sijui ni nini kilinipata. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikasema habari ya makaratasi yangu. Nikasema yote, jinsi nilivyokuja, nilichokosa, kwa nini mama alizikwa Kitale nami nikiangalia kwenye simu, jikoni kwa mzee wa watu. Sirudii hapa. Unajua ni neno ambalo likifika sikio lisilofaa, nitajikuta kwenye ndege bila hata sanduku. Nililia mpaka kamasi. Mama Beya akanishika. Wewe ulingoja nikatulia, ndipo ukasema, "Umeona, Wakili? Umetuamini, na hakuna aliyekuuma."

Nikakwambia, "Mwalimu, leo umeshinda." Nilimaanisha. Nilirudi kwangu Germantown nikiwa mwepesi. Tangu siku ile nilianza kuwasalimia majirani, Mwalimu. Niliwaambia majina yangu. Nilimpa yule mama wa nyumba ya pili funguo zangu za akiba. Watu wanaoishi kama mimi hawafanyi hayo, na mimi niliyafanya kwa sababu yako.

Basi wiki iliyopita Wanja akaniomba nije kumsaidia kufungasha vitabu vyako. Nimefika, nimeanza na rafu ya juu. Kati ya kamusi na yule twiga wa mti nikashika kile kidude cheupe, kidogo, cha mviringo, chenye jicho jeusi. Nakijua. Nimekifuta vumbi mara nyingi, nikidhani ni cha kuleta intaneti. Nikamuuliza Wanja kama nikifungashe na waya wake. Mtoto akabadilika rangi. Akasema kwa Kiingereza chake, "Auntie, I thought you knew."

Kamera. Yenye masikio pia. Inaangalia viti vyetu, hasa kile changu cha karibu na dirisha. Wanja anasema uliiweka kabla ya mimi hata kuja kuchukua ile sufuria, na uliiunganisha na simu yako, na ya kwake pia, ili akiwa kule chuoni College Park aangalie nyumba ukiwa kazini. Alikuuliza kwa nini huizimi Jumamosi. Ulimjibu, "Hiyo ni ya wezi."

Wezi gani, Mwalimu? Sisi tuliokuwa tunakuletea chapati?

Nilikaa chini kwenye zulia lako nikahesabu, si siku, bali maneno. Yale yangu. Ya Mama Beya juu ya mwanawe. Ya Jabari juu ya ndoa yake, ambayo hata mkewe hajayasikia. Kila neno tulilolitoa baada ya kuacha simu kwenye kikapu chako. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nakipangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Na pale kanisani nilisimama kama mjinga nikawaambia watu habari za kufuli.

Nimemrudia Mwingereza wangu, maana ndiye pekee asiyenidanganya. Unajua alivyosema: watu wote wanaweka silaha chini, ila yupo mmoja ambaye hakuingia katika mapatano, naye silaha yake anabaki nayo. Huyo ndiye mtawala. Miaka yote ile sebuleni kwako tukiimba usawa, kumbe kulikuwa na mfalme, amevaa soksi za sufu na anatumiminia chai.

Nimejaribu kukutetea, ni kazi yangu ya zamani. Labda kulikuwa na wizi mtaani. Labda ni mambo ya kuishi peke yako baada ya mama Wanja kufariki. Labda ulisahau kwamba ipo, kama mtu anavyosahau miwani usoni. Hapana. Wanja alikukumbusha, nawe ulikuwa na jibu. Uliogopa. Na hicho ndicho kinachonichoma kuliko kamera yenyewe. Ungesema! Ungesema, "Dada Roda, mimi pia huogopa." Kwani ni nani aliyekuwa akisema siku zote kwamba watu huogopa? Ungenikuta nipo huko huko kwenye woga. Tungeogopa pamoja na chai yetu. Lakini ulitaka kushinda hoja, ukaniacha nikae upande wa woga peke yangu kana kwamba ni ugonjwa wa kwetu Kitale. Mganga hajigangi, sawa, lakini si lazima akuuzie dawa ambayo yeye ameitema.

Nilimuuliza Wanja kama ile Jumamosi ipo bado. Wanja unamjua, tangu azaliwe unamsemesha Kiswahili naye anajibu Kiingereza. Siku hiyo alipiga magoti kwenye zulia mbele yangu akalitafuta kila neno kama mtu anayetafuta swichi gizani. "Mimi nilifuta, Auntie. Siku hiyo hiyo. Sikuambia mtu. Hata dad."

Alikuwa kwenye maktaba ya chuo simu ikamwita kwamba kuna watu sebuleni. Akafungua, akanikuta nalia. Akasikia yote. Akafuta. Na tangu hapo kila nilipomwona, Krismasi, siku yake ya kuzaliwa, siku ulipolazwa, alikuwa analijua neno linaloweza kunimaliza, na aliniuliza tu kama nitakula. Hakuna aliyemwekea kikapu. Hakuna aliyemwahidi kitu wala kumtisha kwa kitu. Mwingereza wangu hana la kusema juu ya msichana huyu, Mwalimu. Nimemtafutia hoja pande zote, hana.

Kwa hiyo nakuarifu niliyoamua.

Jumamosi hii tunakutana kwangu Germantown. Sebule ni ndogo, Jabari atakaa kwenye ngazi. Kabla ya chai nitawaeleza habari ya kidude, kwa sababu na wao waliongea mbele yake. Wanja amesema atakuja, atasimama nami. Mama Beya atakutukana kwa lugha zake zote, jiandae. Jabari nadhani atalia. Wakitaka kuacha kuja, hiyo ni haki yao, na lawama ni yako.

Wakibaki, kiti chako kitakuwepo, ila tumebadilishana. Wewe sasa ndiwe Wakili wa Mwoga. Umestahili, uliishi somo lake kuliko mimi. Yule wa matembezi nitamtetea mimi, pamoja na wanawe aliowatupa, na shahidi wangu atakuwa amekaa palepale anakunywa chai, anajibu kwa Kiingereza. Ulituambia tusihukumu somo kwa nyumba ya mwalimu. Nyumba yako nimeihukumu, Mwalimu, na kusamehe sijasamehe bado. Somo nimelichukua, silirudishi.

Funguo zangu bado ziko kwa yule mama wa nyumba ya pili. Nilikwenda kuzidai, nikafika mlangoni kwake nikaomba chumvi.

Kikapu cha mkonge Wanja amenipa. Nakuahidi kitakuwa mlangoni kila Jumamosi nikiwa bado nipo nchi hii, na kabla ya simu ya mtu yeyote kuingia humo, kitatangulia kidude chako cheupe.

Haya, lala. Silaha yako nimekuwekea chini.

Roda