Ushuhuda Niliomwandikia Mama

Jumapili, 7 Juni 1987

Kuanzia leo nitaandika yote, hata yatakayonishtaki mimi mwenyewe. Hili ni daftari la jiografia lililobaki nusu. Hakuna atakayelifungua.

Leo Mama ametoa ushuhuda kanisani. Amesema Bwana amemponya, hasikii tena zile sauti, dawa za hospitali basi. Kisha akamkabidhi Mama Nyaboke, mwenyekiti wa akina mama, chupa yake ya vidonge mbele ya watu wote. Ndiyo desturi ya kanisa letu – ulichokiacha unakitoa kwa mkono wako, nacho kinafungiwa katika kabati nyuma ya mimbari. Mle mna hirizi, mikebe ya ugoro, pete za waganga. Sasa mna vidonge vya Mama.

Watu waliimba mpaka mabati yakatetema. Mimi nilipiga makofi.

Maneno yalikuwa yangu. Mama hajui kuandika, akaniomba nimpangie, akayakariri. Yeye alitaka kusema, "Naendelea vizuri." Mimi nikaandika, "Nimepona kabisa." Mwalimu wa insha hutuambia mwisho usiwe legelege.

Alhamisi, 11 Juni

Siku ya nne bila dawa. Mama anaosha sufuria zilizo safi. Akimaliza, anaanza tena.

Bwana Kahindi, muuguzi wa wagonjwa wa akili, huja Malindi kutoka Kilifi Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Safari iliyopita alisema dawa isikatwe hata siku moja, na aliposema hivyo alinitazama mimi. Nilimjibu ndiyo.

Leo nikamwambia Mama tukaiombe chupa. Akanikazia macho. "Niwe mwongo mbele ya kanisa zima? Si wewe uliyeandika?"

Nikachukua ndoo, nikaenda bombani.

Jumatatu, 15 Juni

Ametoka uani na mchi wa kinu. Amelipiga pipa la maji la mwenye nyumba, Bwana Zubeir, mpaka likabonyea. Eti Zubeir amewaficha watu mle ndani wamsikilize.

Wanawake pale bombani hawakumpokonya mchi. Walicheka. "Si juzi alipona huyu?" Mwingine akasema, "Alipona upande mmoja." Nawajua wote kwa majina. Mama aliwasukia watoto wao nywele bure.

Zubeir akaniita kando. Hakupaza sauti. "Binti, sina ugomvi na mamako. Lakini humu uani mna watoto. Akitoka tena na mchi, nawaita polisi."

Nawajua polisi. Mwaka juzi walimfunga mikono kwa kamba, akalala seli siku mbili kabla ya kupelekwa Mombasa. Alama bado anazo. Hata kwenye joto huvaa mikono mirefu.

Jumanne, 16 Juni

Sikwenda shule. Nilikwenda hospitali na kadi yake. Nilisimama tangu saa mbili mpaka saa tano. Karani wa dirishani akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema hakubali kuja.

"Basi nikupe wewe? Kwani nawe unasikia sauti?"

Foleni nzima ikacheka. Akasoma jina kwenye kadi. "Jedida Musembi. Huyu si ndiye aliyetoa ushuhuda? Mke wangu alikuwapo, alilia machozi. Mwambie amshukuru Mungu, asituchezee."

Nikamwomba aniitie muuguzi. Akasema muuguzi ni tarehe saba Julai. Nikauliza, na Mama akizidi je? "Polisi wana gari. Sisi hatuna. Anayefuata!"

Nikasema asante. Naichukia ile asante kuliko maneno yake yote.

Jumatano, 17 Juni

Kwa Mama Nyaboke. Alikuwa anachambua mchele, hakuniambia niketi.

"Nikiwarudishia chupa, kesho yule mzee naye atataka ugoro wake," akasema. "Ile si ya mamako tena. Shule imekupunguzia imani, Easter."

Nikamwuliza kama yeye ataingia seli pamoja na Mama. Akaacha kuchambua. Akasema nina mdomo, na kwamba akina mama watafunga siku tatu. Mama afunge nao.

Mtu asiyekula wala kulala, afunge!

Jibu la barua niliyomwandikia Baba pia limefika kutoka Ngomeni, kwenye mashamba ya chumvi anakofanya kazi. Mistari miwili. Atakuja mwisho wa mwezi. Nisimletee aibu kazini.

Jumamosi, 20 Juni

Zamu yangu kufagia kanisa. Kufuli la kabati lilikuwa limefungwa, lakini bawaba ilishikwa na msumari mmoja tu. Niliung'oa kwa kijiko, nikaitoa chupa ya Mama. Nimeiba kanisani. Siandiki "nimechukua".

Mchana nikampa Mama kidonge na maji. Akakigeuza kiganjani. "Nani kakutuma? Kahindi au Zubeir?" Akakitia mdomoni, akanitemea usoni.

Nilimpandishia sauti. Nilimwambia kama anapenda kamba, basi na wamfunge. Ndivyo nilivyosema. Alivuta mikono ya blauzi ikafunika vidole.

Jumapili, 21 Juni

Sasa hali chakula changu. Anakula ndizi anazomenya mwenyewe tu. Lakini Bibi Mwanabibi, mamake Zubeir, akimimina chai ya tangawizi, Mama hupokea kwa mikono miwili na kunywa yote. Leo aliomba kikombe cha pili. Nikamwona anacheka kidogo. Bibi alikuwa amemwambia mashavu yamemwingia ndani kama yake yeye mwenyewe, ajuza.

Jumatatu, 22 Juni

Saa nne. Ametoka tena na mchi. Mara hii ni mlango wa Zubeir. Zubeir alishavaa kofia aende kituoni. Bibi Mwanabibi akasimama mlangoni. "Huendi. Ngoja mpaka alasiri." Zubeir akasema, "Alasiri tu, Mama," akaketi na kofia yake kichwani.

Kisha Bibi akaninong'oneza, "Mwanangu, nipe mimi kidonge nimsagie kwenye chai. Kwangu anakunywa." Chupa ninayo mfukoni. Sijampa.

Basi la Kilifi linaondoka saa sita. Kondakta, Badi, ni mjukuu wa Bibi. Ameapa kuifikisha barua mkononi. Nainakili hapa nijue nilisema nini.

Bwana Kahindi, shikamoo. Mimi ni Easter, mtoto wa Jedida wa Malindi. Mama hajameza dawa kwa siku kumi na tano. Kosa ni langu, nitakueleza tukionana. Ikifika alasiri wataita polisi. Kuna mtu mmoja tu aliyebaki ambaye Mama anakunywa kutoka mkononi mwake, na mtu huyo yuko tayari kumtilia dawa bila yeye kujua. Ukiweza kuja, njoo. Kama huwezi, Badi atasimama mlangoni pako mpaka umpe jibu, naye hurudi na basi la saa nane. Niambie hili tu: Mama akiionja ile dawa ndani ya chai, kesho atakunywa kwa mkono wa nani?