Meza ya Ndege ya Haugli

Haugli, Rendalen
29 Novemba 1998

Mwanangu mpenzi Ingebjørg,

Pokea salamu kutoka kwenye theluji. Natumaini wewe na Sindre hamjambo huko Bergen, na kwamba mvua yenu haijawaotesha ukungu masikioni. Mimi mzima, ukiacha hizi pumzi zinazokatika nikipanda ngazi, ambazo umeshazisikia mpaka umezichoka.

Naandika kwa sababu ulipiga simu Jumapili iliyopita, na mimi nikawa najibu "ndiyo, ndiyo" bila kusikia neno hata moja. Torgunn wa nyumba ya jirani alikuwa hapa ameniletea mkate. Ulipokata simu akanipongeza eti nimekubali kwenda Oslo kupasuliwa moyo. Nani kakubali? Nilidhani unaniuliza kama nimekula.

Barua ya hospitali nimeipata. Wananitaka Januari. Sitakwenda, mwanangu, mpaka theluji iishe, kwa sababu nimeshaanza kulisha ndege.

Usinichekee. Najua nilivyokuwa nikimtania mama yako. "Ragna, unawanenepesha wezi," nilikuwa namwambia, naye ananijibu, "Hata wewe nimekunenepesha." Alipokufa masika nilidhani mambo hayo yamekwisha. Kisha theluji ya kwanza ikaanguka, na asubuhi yake wakaja. Walikaa kwenye ule mti wa matunda mekundu mbele ya jikoni wakitazama dirishani, pale penye kiti chake. Wale ndege tunaowaita makasisi walikuwepo, wa kifua chekundu na kofia nyeusi, na vile vidogo vya tumbo la njano ambavyo havitulii. Sikuweza kuwavumilia. Nikaenda ghalani nikatoa mbegu za alizeti.

Kwa hiyo maji nimeyavulia nguo, lazima niyaoge. Unajua sheria ya nyumba hii. Ndege akishaizoea meza yako hatafuti kwingine, na baridi ikikaza, asubuhi moja tu ya meza tupu inatosha kumwangusha tawini. Jambo moja tu nimeliacha, ile kazi ya mama yako ya kuisugua meza kwa maji ya moto kila Jumamosi. Ndege si wageni wa ubatizo.

Msalimie Sindre.

Baba yako,
Oddvar

*

Bergen
8 Desemba 1998

Baba yangu,

Shikamoo Baba. Sisi hatujambo, mvua inanyesha kama ulivyosema. Sindre anakusalimu sana. Hofu yetu ni juu yako tu, na leo hofu imechanganyika na hasira, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Baba, mlango mmoja wa moyo wako umelegea. Daktari alikuambia, nikiwa nimekaa pembeni yako. Hakusema "ukipata nafasi". Alisema kabla ya majira ya baridi kwisha. Na wewe unaniandikia habari za mbegu za alizeti!

Unaijua sheria ya nyumba hiyo kuliko mimi? Ndiyo iliyoniumiza mimi. Nilifunga ndoa Februari 1987, Baba. Upande wa Sindre walijaa safu nne, upande wangu ulikaa wewe peke yako na koti lako la mazishi. Watu walipouliza mama wa bibi harusi yuko wapi, nilisema anaumwa. Ningesema nini? Kwamba yuko nyumbani analisha ndege? Miaka kumi na moja nimekula naye mbavu za Krismasi na sikuwahi kumuuliza, na sasa amekufa sina wa kumuuliza.

Hao ndege walishanichukulia mama. Hawatanichukulia baba. Niliapa siku ile ile, nikiwa na shela kichwani, kwamba mimi sitamwacha mtu kwa ajili ya ndege maisha yangu yote.

Nenda Oslo. Nakuomba.

Binti yako,
Ingebjørg

*

Haugli
27 Desemba 1998

Mwanangu,

Salamu za sikukuu. Natumaini mlikula vizuri na Sindre hakuvunjika meno kwa ile lozi inayofichwa kwenye uji wa Krismasi. Mimi nilikula kwa Torgunn. Mbavu zake zilikuwa kavu kama yeye, lakini nilizisifia.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Sina la kujitetea. Ila kuna jambo ambalo naona halikukufikia. Siku ya harusi yako mama yako aliamka kabla yangu. Niliposhuka kuchukua sanduku nilimkuta amevaa lile gauni la buluu alilolishona tangu vuli kwa ajili yako, na viatu vyake vya kanisani. Nikafikiri, ahaa, amebadili mawazo. Akatoka nje kuwajazia mara ya mwisho, na gauni lake. Baridi ya siku ile ilikuwa ya kukata pua. Akasimama pale kwenye meza muda mrefu. Aliporudi ndani alivua viatu akaniambia, "Nenda wewe, Oddvar. Mwambie ninaumwa." Na kweli alikuwa anaumwa, mwanangu, ila si kwa ugonjwa ambao daktari anautibu.

Sasa sikiliza habari mbaya. Mkesha wa Krismasi nilisimamisha mganda wa shayiri juu ya mti mrefu, kama kawaida, maana hatuli sisi kabla ndege hawajala. Nilingoja dirishani mpaka giza. Hakuna aliyetua juu yake. Unajua wazee wanavyosema juu ya mwaka ambao mganda haukuguswa, kwamba nyumba itapata msiba, nami siamini, lakini sikuwa na hamu ya kula. Walikuwa wamekaa mezani, wamejitutumua manyoya kama mipira, macho nusu wazi. Unaweza kumsogelea kasisi ukamgusa kwa kidole asiruke. Nimeokota waliokufa chini ya meza, na leo wengine tena. Nimewaongezea chakula, nadhani ni njaa.

Nina ombi moja. Njoo wewe uwalishe badala yangu, nami nitakwenda Oslo siku hiyo hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Baba yako

*

Bergen
4 Januari 1999

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimelia kwa ajili ya lile gauni, lakini hayo tutayazungumza baadaye, kwanza hili la haraka.

Usiwaongezee chakula! Si njaa, ni kuhara. Nimempigia daktari wa mifugo. Anasema ugonjwa huu unakuja na meza chafu: wanakula pale pale wanaponyea, anayeumwa anamwambukiza mzima. Ishushe meza leo. Ichome moto. Fukua theluji ya chini yake uizike. Vaa glavu, na unawe mikono mpaka viwiko. Hata paka wanakufa kwa kula ndege hao, mwambie Torgunn amfungie paka wake Pus ndani. Baada ya wiki mbili unaweza kuanza upya, kwa meza safi, chakula kidogo kidogo.

Na mimi nakuja. Nimeomba likizo isiyo na mshahara, bosi wangu kanuna lakini kakubali. Tayarisha sanduku lako. Sitaki kusikia habari ya pumzi wala ya ndege mpaka uwe ndani ya treni.

Binti yako,
Ingebjørg

*

Haugli
9 Januari 1999

Mwanangu,

Mimi mzima wa mwili. Natumaini barua hii itakukuta salama.

Meza nimeichoma. Pus amekufa. Torgunn alikuja amembeba ndani ya aproni, akamlaza juu ya meza yangu ya jikoni, kisha akasema: "Ragna alikuwa anasugua kila Jumamosi, Oddvar. Kila Jumamosi nilimwona kwa dirisha langu. Ulidhani anacheza?" Sasa hataki kusikia neno ndege. Kwa hiyo usitegemee msaada kwake.

Miaka arobaini nilimwona akitoka na birika na brashi, nikamcheka miaka arobaini. Na msimu wangu wa kwanza tu nimewaua. Hivyo ndivyo ninavyohisi na sina neno jingine.

Waliobaki wanakuja kila asubuhi. Wanakaa kwenye mti, wanatazama mahali ilipokuwa meza. Nafunga pazia. Nimetengeneza meza mpya, iko ghalani, bado inanukia mbao. Ukifika utaiweka wewe. Maji ya moto kila Jumamosi, usisahau. Mbegu kiganja kimoja asubuhi, kimoja kabla ya giza.

Njoo salama.

Baba yako

*

Haugli
24 Januari 1999

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole na hospitali. Unalala? Wanakupa kahawa, au yale maji ya rangi? Mimi niko salama, nyumba ina joto, na mlango wa ghala nimejifunza kuupiga teke kama ulivyonionyesha.

Jioni ile moja tuliyokuwa pamoja hatukusema mengi. Wewe ulinieleza habari za kuni, mimi nikakukunjia mashati. Nilipokuona dirishani kwenye treni ukinionyesha kwa vidole namna ya kumwaga mbegu, nilicheka, kisha nikarudi kwenye gari nikalia. Nilitaka kukuambia kwamba sijakasirika tena. Basi nakuambia hapa.

Niliweka meza mpya nikangoja. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Nikasema basi, wamekufa wote. Siku ya tatu, nikiwa kwenye kiti cha Mama na jibini mdomoni, akatua kasisi mmoja. Baba, niliacha kutafuna! Alinitazama kama mtu aliyekuja kudai chake. Sasa wanakuja wengi, na hakuna aliyejitutumua. Jumamosi nilisugua mpaka vidole vikababuka.

Nimelipata gauni la buluu kabatini. Mfukoni mlikuwa na maganda ya alizeti. Hakuwahi kulifua.

Unapasuliwa Jumatatu ya kwanza ya Februari. Nitachukua treni Ijumaa, nitakuwa nimekaa hapo ukiingizwa na ukitolewa. Ndege watafunga siku nne. Niliapa, unakumbuka.

Binti yako,
Ingebjørg

*

Oslo, hospitalini
27 Januari 1999

Mwanangu,

Nashukuru kwa barua. Nimemsomea jirani yangu wa kitandani sehemu ya kasisi, akataka nimsomee tena. Afya yangu ni hii hii. Kahawa ni mbaya.

Usije. Nimesikia redioni kwamba Rendalen baridi itashuka hadi nyuzi thelathini na zaidi chini ya sifuri mwisho wa wiki. Siku nne, Ingebjørg! Hawatabaki. Hawa ndio waliopona mikononi mwangu, siwezi kuwaua mara mbili. Daktari ni kijana mcheshi, anasema kwake kazi hii ni kama fundi kubadilisha bomba. Nitalala, nitaamka, nitakuandikia. Utakuja wakati theluji imeisha, tutarudi pamoja.

Umeshaanza, mwanangu. Sheria unaijua.

Nikiwa hapa nawaza jinsi ulivyokaa kwenye kile kiti, na moyo unatulia kuliko kwa dawa zao.

Baba yako akupendaye,
Oddvar

*

Haugli
25 Aprili 1999

Baba,

Leo sijui nianze na salamu gani. Shikamoo haina wa kuiitikia, na hali yako siwezi kuiuliza. Lakini ulisema utaniandikia ukiamka, na hukuamka, kwa hiyo zamu ya kuandika imebaki kwangu.

Barua yako ilifika Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nimeshavaa koti na viatu, tiketi mfukoni, Torgunn ananingoja kwenye gari anipeleke stesheni. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Nikajiambia, yeye aseme asemavyo, mimi naenda. Nikatoka kuwajazia mara ya mwisho. Walikuwa kwenye mti wamejazana, baridi ile ile uliyoisikia redioni, mmoja ananyanyua mguu huu, anashusha, ananyanyua ule. Nilisimama pale mpaka Torgunn akapiga honi. Kisha nikarudi ndani nikavua viatu.

Torgunn alishusha kioo akaniita: "Wewe! Unafanya nini, treni hiyo!"

Nikamwambia, "Mwambie ninaumwa." Sijui nilikuwa namwambia nani.

Simu ya hospitali ilikuja Jumatatu jioni. Yule daktari mcheshi hakuwa na mzaha. Alisema hukuteseka, na kwamba kabla hawajakulaza uliuliza kama kuna barua kutoka nyumbani. Hakukuwa na barua, Baba. Nilidhani wiki ile nitakuwa hapo mwenyewe.

Tulikuzika kando ya Mama. Wachimba kaburi waliwasha moto siku nzima ili ardhi ilegee. Sindre alikuja, akataka nirudi naye Bergen. Nikasema siwezi, nimeshaanza. Alinitazama vile nilivyokuwa nikimtazama Mama. Kiapo nilikishika miaka kumi na miwili, nikakivunja kwa kujaza kiganja kimoja cha mbegu.

Nimewalisha mpaka mwisho. Hakuna aliyekufa. Nakuandikia hilo kwa sababu najua ndilo ungetaka kulijua kwanza.

Theluji imeisha juma lililopita, mto umefunguka. Jana nimeshusha meza, nimeimwagia maji ya moto, nimeiegemeza ghalani ikauke. Sindre anakuja kunichukua alasiri. Gauni la buluu nalibeba, sijalifua na mimi.

Asubuhi hii nimekaa kwenye kile kiti nikanywa kahawa, nikiwangoja angalau niwaage. Msitu wote unalia kwa sauti zao, wanajenga viota. Mti wa mbele ya jikoni ni mtupu. Tangu theluji iishe hajaja hata mmoja.

Binti yako,
Ingebjørg